Medali za Mdachi na Mkebe wa Babu: Kuzitambua na Kuzitunza Nishani za Vita Kutoka Tabora Hadi Kayole

Medali ya kijeshi ya Mjerumani kwa kawaida haina jina la mwenyewe. Ilipigwa chapa kiwandani kwa maelfu, kisha askari akakabidhiwa pamoja na hati iliyotaja jina lake, cheo chake na kikosi chake, ikiwa na sahihi ya mkubwa wake. Hati ikipotea, medali inabaki yatima. Medali ya Mwingereza ya Vita Vikuu vya Kwanza ni kinyume chake: jina, namba na kikosi vimegongwa ukingoni, mahali ambapo jicho la haraka halifiki. Tofauti hiyo moja ndiyo inayoongoza kazi yote ya kuzitambua nishani Afrika Mashariki, ambako majeshi ya mataifa hayo mawili yalipigana tangu Agosti 1914 hadi Novemba 1918, yakaacha vyuma vyao mikononi mwa familia ambazo leo zimetapakaa kila mahali.

Vyuma hivyo vimefika Eastlands, Nairobi, kwa njia za kawaida kabisa. Kayole ni mtaa ulioanza kujengwa miaka ya 1980, na wengi wa walioingia walitoka mashambani na masanduku ya bati. Ndani ya sanduku, chini ya vyeti vya ubatizo na risiti za ada ya shule, hukaa mkebe wa mafuta ya Kimbo wenye vifungo, sarafu zisizotumika na medali moja au mbili za babu. Barabara ya Kangundo inayopita Kayole Junction inaelekea Ukambani, eneo lililotoa askari wengi mno wa King's African Rifles, jeshi ambalo wazee waliliita Keya. Mitaa mingine ya Nairobi nayo imebeba vita majinani mwake: Kariokor ni Carrier Corps iliyotamkwa Kiswahili, sawa na Kariakoo ya Dar es Salaam, na soko la Burma lina jina la nchi ambako vijana wa Afrika Mashariki walipigana na Mjapani. Mwenye mkebe hufariki, mkebe huhamia kwa mjukuu, na mjukuu asiyejua kilichomo humpelekea mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye hupima kwa kilo.

Neno nishani ni pana, na mkusanyaji hana budi kuligawa. Medali ya vita hupewa kila aliyeshiriki kampeni fulani. Inathibitisha kwamba mtu alikuwapo. Nishani ya ushujaa hutolewa kwa tendo lililoshuhudiwa. Beji ni alama ya kikosi, cheo, ujuzi au jeraha, na mara nyingi ni sehemu ya sare. Beji huokotwa, hubadilishwa kwa tumbaku, hunyang'anywa mfungwa. Tai wa chuma aliyeokotwa kwenye kilima cha Salaita karibu na Taveta hamfanyi aliyemwokota kuwa askari wa Mdachi, hata kama familia imesimulia hivyo kwa miaka 100.

Mdachi, kama Waswahili walivyomwita Mjerumani, aliunda rasmi jeshi lake la Afrika Mashariki, Schutztruppe, mwaka 1891. Chanzo chake kilikuwa kikosi ambacho Hermann Wissmann alikileta mwaka 1889 kupigana na Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani. Askari wa mwanzo walikuwa hasa Wasudani walioajiriwa Misri na Washangaani kutoka Msumbiji. Baadaye Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema wakawa wengi. Wasudani ndio waliokuja na majina ya vyeo yenye asili ya Kituruki: ombasha, shaushi, bashaushi, soli, efendi. Vita vilipoanza mwaka 1914, jeshi hilo lilikuwa na Wajerumani wapatao 260 na askari Waafrika wapatao 2,500 katika kampuni 14. Askari alivaa tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki, na mbele yake tai wa dola ya Ujerumani aliyetengenezwa kwa madini meupe. Tai huyo ndiye beji ya Kijerumani inayoulizwa zaidi na wakusanyaji wa Afrika Mashariki, na kwa hiyo huigwa sana. Aliye halisi amepigwa chapa kwenye bati jembamba: manyoya ya mbele yanasomeka pia kwa nyuma, yakiwa yamebonyea. Wa kuiga mara nyingi amesubiwa kwenye kalibu, mzito, na mgongo wake ni bapa.

Askari huyo alipotuzwa, medali aliyopewa ilikuwa ya Prussia, iitwayo Kriegerverdienstmedaille, yaani medali ya mpiganaji aliyestahili. Ilikusudiwa wanajeshi wasio Wajerumani. Msalaba wa Chuma, ambao vitabu vya picha huupenda, ulikuwa kifuani mwa maofisa na masajini wake Wazungu. Kwa hiyo familia ya Tabora au ya Mwanza inayosema babu alituzwa na Mdachi haipaswi kutafuta msalaba. Itafute kisahani cha mviringo. Ni medali adimu, na ikipatikana pamoja na picha ya mwenyewe akiwa ameivaa, ina uzito mkubwa kwa historia kuliko misalaba 100 iliyotoka Berlin.

Hata hivyo Msalaba wa Chuma ndio unaojulikana na ndio unaoghushiwa kuliko nishani nyingine yoyote, hivyo unastahili kutazamwa kwa karibu. Mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia aliuanzisha tarehe 10 Machi 1813 katika vita dhidi ya Napoleon, na msanifu majengo Karl Friedrich Schinkel akauchora. Ulifufuliwa mwaka 1870, kisha 1914, kisha 1939, na kila mara mwaka wa ufufuo uliandikwa kwenye mkono wa chini. Msalaba wa 1914 una taji juu, herufi W katikati na tarakimu 1914 chini; upande wa nyuma wa daraja la pili una taji, herufi FW, majani ya mwaloni na mwaka 1813. Daraja la pili huning'inia kwenye utepe, mweusi na mweupe kwa wapiganaji. Daraja la kwanza halina utepe. Lina pini nyuma na huvaliwa upande wa kushoto wa kifua. Daraja la pili lilitolewa kwa zaidi ya watu milioni tano katika vita vile, kwa hiyo kuupata si muujiza, na anayeuuza kwa bei ya muujiza anastahili kutiliwa shaka.

Msalaba halisi una vipande vitatu. Katikati ni kiini cha chuma kilichosubiwa na kupakwa rangi nyeusi. Kimebanwa na fremu mbili za fedha, moja mbele na moja nyuma, zilizolehemiwa pamoja ukingoni. Ukigeuzwa ubavuni chini ya mwanga wa dirisha, mshono wa lehemu huonekana kama uzi mwembamba unaozunguka mikono yote minne. Fremu ina mstari wa shanga ndogondogo zilizojipanga sawasawa. Sumaku ikisogezwa katikati hunasa; ikisogezwa kwenye fremu peke yake haivuti. Rangi nyeusi huwa imelika mahali palipoinuka, yaani kwenye ncha za W na juu ya taji, na hapo chuma hujitokeza kikiwa na wekundu wa kutu. Kwenye pete ya kuning'inizia aghalabu kuna herufi za kiwanda, ndogo kiasi kwamba zinahitaji kioo cha kukuzia kama kile cha fundi wa saa. Upana wake hukaribia milimita 42. Bandia ya kawaida ni kipande kimoja cha zinki: haina mshono, shanga zake zimeyeyukiana, na weusi wake unang'aa kama rangi ya gari. Sumaku peke yake haitoshi, kwa maana wako waghushi wanaotumia chuma, lakini sumaku, mshono na shanga vikishuhudia pamoja, udanganyifu unakuwa mgumu.

Juu ya misalaba yote ilikuwa Pour le Mérite, msalaba wa enameli ya buluu ambao jina lake ni la Kifaransa kwa sababu jumba la kifalme la Prussia lilizungumza Kifaransa ulipoanzishwa. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Schutztruppe, alitunukiwa Novemba 1916 akiwa porini kusini mwa Tanzania ya leo. Hakuna sababu ya kutarajia nishani hiyo kwenye sanduku la mtu yeyote wa Eastlands, na kila inayoonyeshwa mtaani ichukuliwe kuwa nakala.

Medali inayoihusu Afrika Mashariki moja kwa moja, na inayosomeka kwa uchungu, ni Kolonialdenkmünze, iliyoanzishwa na Kaisari Wilhelm II mwaka 1912. Ya shaba ni ya wapiganaji, ya chuma ni ya wasiopigana. Kwenye utepe hubandikwa vibao vyembamba vyenye majina ya kampeni. Kibao kilichoandikwa DEUTSCH-OSTAFRIKA 1905/07 ni cha vita vya Maji Maji, vilivyoanzia milima ya Matumbi Julai 1905 na kuenea kusini yote. Jeshi lilichoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula. Waliokufa, wengi wao kwa njaa, hukadiriwa kuwa kati ya 200,000 na 300,000. Anayeandika maelezo ya medali hiyo kwenye daftari lake akataja uzito, upana na rangi ya utepe bila kutaja njaa ya Ungoni na Umatumbi hajamaliza kuitambua. Kibao kile ni maandishi juu ya watu hao pia.

Baada ya kushindwa, Ujerumani ilitoa vitu viwili ambavyo huonekana mara kwa mara. Cha kwanza ni beji ya kikoloni ya mwaka 1922, ambayo wakusanyaji huiita Nishani ya Tembo kwa sababu ya tembo aliyesimama katikati, na maandishi yanayozunguka yakitaja Afrika, bahari ya kusini na Kiautschou ya China. Cha pili ni Msalaba wa Heshima wa 1914/1918, ulioanzishwa kwa amri ya Rais Hindenburg tarehe 13 Julai 1934. Huo ulitolewa kwa zaidi ya watu milioni nane: wenye mapanga na shada la lureli kwa wapiganaji, usio na mapanga kwa waliohudumu nyuma, na mweusi kwa wajane na wazazi wa waliokufa. Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika mwaka 1925 na kulima Usambara, Moshi na nyanda za juu kusini; mwaka 1939 walikamatwa na kuzuiliwa, mali zao zikabaki. Msalaba wa 1934 unaojitokeza Arusha au Nairobi una uwezekano mkubwa wa kuwa umepitia nyumba ya mkulima kama huyo. Ni wa chuma chenye rangi ya shaba, hunasa sumaku, una alama ya kiwanda mgongoni, na bei yake halisi ni ndogo.

Beji ya majeruhi, iliyoanza Machi 1918, ina kofia ya chuma juu ya mapanga mawili: nyeusi kwa majeraha mawili au pungufu, ya rangi ya fedha kwa matatu au manne, ya rangi ya dhahabu kwa matano na kuendelea. Ile ya vita vya pili inafanana nayo ila ina swastika kwenye kofia. Kuhusu vitu vya wakati wa Hitler kwa jumla, Ujerumani yenyewe inazuia kuonyesha hadharani alama hizo, na tangu sheria ya mwaka 1957 wanajeshi wa zamani waliruhusiwa kuvaa nishani zao zilizotengenezwa upya bila swastika. Kwa hiyo Msalaba wa Chuma wa 1939 wenye majani ya mwaloni mahali pa swastika si kasoro ya kiwanda. Ni toleo la baada ya 1957.

Sarafu nazo huingizwa kwenye mkebe wa medali, hasa zile zilizotobolewa ili kuvaliwa shingoni. Mwaka 1916, Mjerumani akiwa amezingirwa na hana njia ya kuleta fedha, karakana ya reli ya Tabora ilipiga sarafu za heller 5 na heller 20 kwa shaba na shaba nyeupe, pamoja na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Za dhahabu zilikuwa chache, zipatazo 16,000, na bandia zake ni nyingi. Za heller 20 zilipigwa kwa haraka: maandishi yamesogea, ukingo hauko sawa, herufi T ya Tabora iko chini ya mwaka. Mtu akiishika anashika asili ya neno analolitamka kila siku, kwa maana heller hiyo ndiyo iliyozaa neno hela.

Familia za Kenya, hata hivyo, zina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na medali za upande wa pili, na hapa ndipo jina la ukingoni linapoleta faida. Medali ya Kiingereza ya 1914–18 ni kisahani cha fedha chenye upana wa milimita 36: mbele ni Mfalme George V, nyuma ni mwanamume aliye uchi juu ya farasi. Utepe wake una rangi ya machungwa katikati. Medali ya Ushindi ni ya shaba iliyong'arishwa, ina mwanamke mwenye mabawa, na utepe wake ni kama pinde mbili za mvua zilizokutana. Nyota ya 1914–15 ni ya shaba, ina mapanga yaliyopishana, na jina limegongwa nyuma yake.

Mjukuu anapofungua mkebe, anachokiona kwanza ni kisahani cheusi kama chungu. Weusi huo ni wa fedha iliyozeeka, si uchafu. Kisimamishwe wima, taa iletwe kwa pembeni, kizungushwe polepole: herufi hutokea moja baada ya nyingine. Kwanza namba, kisha cheo kwa kifupi, mathalani PTE kwa askari wa kawaida au SGT kwa sajini, kisha jina, mwisho kikosi, kama 3-K.A.R. Karani aliyeliandika jina hakujua Kikamba wala Kinandi, akaandika alivyosikia, mara nyingi jina moja tu. Kwa hiyo anayetafuta kwenye orodha za medali zilizohifadhiwa Kew, Uingereza, aanze na namba, jina litamchelewesha. Kikosi nacho huzungumza. Batalioni ya 3 ilikuwa ya Kenya, ya 4 ya Uganda, ya 7 iliundwa na watu wa Zanzibar. Batalioni ya 6 iliundwa mwaka 1917 kwa kuwaandikisha askari waliotekwa kutoka kwa Mjerumani, kwa hiyo medali ya Mfalme George yenye 6-K.A.R. ukingoni inaweza kuwa ya mtu aliyewahi kuvaa tai wa Kaisari. Pande zote mbili za vita vya mtu mmoja ziko kwenye ukingo wa milimita chache.

Wapagazi ndio walioachwa. Carrier Corps na vikosi vingine vya kubeba mizigo viliandikisha watu kwa mamia ya maelfu, na wanahistoria hukadiria waliokufa kwa kuhara, malaria na njaa kufikia 100,000. Medali ya Kiingereza ya 1914–18 ilikuwa na toleo la shaba lililotolewa kwa vibarua wapatao 110,000, wengi wao Wachina, Wahindi na Wamalta. Wapagazi wengi wa Afrika Mashariki hawakupata hata hiyo. Sanamu iliyoko Kenyatta Avenue, Nairobi, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, inamsimamisha mpagazi pamoja na askari, na hiyo ndiyo nishani aliyoipata. Mwaka 2021 tume ya Uingereza inayosimamia makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, hasa wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Familia inayojua kwamba babu alikwenda Kariokor na haioni medali isidhani kwamba kuna mtu aliiiba. Kinachopatikana zaidi ni kikopo cha chuma chenye kamba, ambacho wauzaji wengine hukiita cha kijeshi. Hicho ni cha kipande, karatasi ya usajili ambayo Mwafrika mwanamume alilazimishwa kuivaa shingoni kuanzia mwaka 1919. Kihifadhiwe kwa heshima yake chenyewe.

Medali za vita vya pili hurudisha taabu ya mwanzo. Nyota za 1939–45, za Afrika na za Burma zina ncha sita na jina la kampeni limezunguka herufi za Mfalme George VI, lakini Mwingereza hakugonga majina ya wapokeaji. Nyota ya Burma ya askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita bonde la Kabaw mwaka 1944 ikivaa beji ya kichwa cha kifaru, haitofautiani hata kidogo na ya karani wa London aliyetumwa huko. Afrika Kusini ilizigonga zake majina. Yenye jina basi huenda ni ya huko. Medali ya Africa General Service yenye kibao KENYA, iliyotolewa kwa waliopigana na Mau Mau kati ya 1952 na 1956, ina jina ukingoni, na baadhi ya familia zingependa lisingekuwapo. Utepe wake ni wa manjano wenye kingo nyeusi na mistari miwili myembamba ya kijani. Kuificha au kuisugua jina ni kuharibu ushahidi, na ushahidi huo ni wa pande zote mbili.

Pasipo jina, kinachobaki ni karatasi na picha. Cheti cha kuachishwa jeshi huorodhesha medali na kampeni. Picha ya studio yenye askari aliyevaa tepe huonyesha mpangilio wake, na mpangilio una sheria zake. Kwa medali za Mjerumani karatasi ya familia ina thamani zaidi, kwa kuwa hifadhi ya jeshi la Prussia pale Potsdam iliteketea kwa mabomu Aprili 1945. Husimuliwa kwamba mwaka 1964, bunge la Ujerumani Magharibi lilipokubali kuwalipa askari wa Lettow-Vorbeck waliokuwa bado hai, wazee wapatao 350 walifika Mwanza. Wachache walikuwa na hati. Wengine walileta vipande vya sare za zamani. Mlipaji aliyekosa la kufanya alimpa kila mzee fagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki, na hakuna aliyeshindwa. Wazee wale wametoweka sasa, na mazoezi yao pamoja nao. Hati zilizobaki hazina shahidi mwingine.

Bandia za mtaani ni za namna tofauti na zile za minada ya Ulaya. Misalaba mingi inayofika Eastlands imo ndani ya robota za mitumba, imeshonwa kwenye jaketi za ngozi au imefanywa bizimu ya mshipi. Ni mapambo tu, na muuzaji wa sokoni Gikomba au Masimba anayeitaja kuwa ya vita huwa anakisia. Vingine ni beji za vyama vya walenga shabaha, za sherehe za Ulaya, au beji za mchango wa majira ya baridi zilizouzwa barabarani Ujerumani miaka ya 1930 kwa senti chache. Utepe huchunguzwa kwa taa ya urujuanimno, ile inayotumika kukagua noti: nyuzi za kisasa na sabuni za kisasa hung'aa buluu, pamba ya 1914 hukaa kimya. Utepe mpya si lazima uwe udanganyifu, maana tepe huchakaa na hubadilishwa. Inatakiwa tu isemwe.

Kosa kubwa kuliko yote hufanywa nyumbani kwa nia njema: kung'arisha. Majivu, limau, dawa ya kusugulia shaba na brashi ya waya huondoa ngozi ya juu ya medali pamoja na herufi za ukingoni, na herufi ikishafutika hairudi. Kwenye Msalaba wa Chuma hung'oa rangi nyeusi. Vumbi lifutwe kwa kitambaa laini cha pamba, vidole vikiwa vikavu, basi. Medali isiwekwe kwenye mfuko wa plastiki laini, kwa kuwa baadhi ya plastiki hutoa mafuta yanayoigeuza shaba kuwa ya kijani. Karatasi nyeupe isiyo na asidi au kitambaa cha pamba kinafaa. Unyevu wa nyumba za mabati wakati wa mvua ndefu hula chuma, na vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu husaidia vikibadilishwa mara kwa mara. Medali za mtu mmoja zisitenganishwe. Zikiuzwa mojamoja, fedha kwa sonara na shaba kwa mwingine, mtu aliyekuwa na maisha mamoja anagawanywa vipande, na bei ya fedha ilipopanda mwaka 1980 medali nyingi za 1914–18 duniani ziliyeyushwa kwa njia hiyohiyo.

Sheria ya Kenya ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inamtaka mnunuzi awe na leseni, lakini haimzuii mtu kuuza cha babu yake. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 hulinda maeneo ya kihistoria. Kuchimba viwanja vya vita vya Taita-Taveta bila kibali ni kosa, tena ni hatari, maana risasi na mabomu ya 1916 bado yamo ardhini. Anayekusanya kwa uaminifu hununua kwa familia, huandika alichoambiwa, na hukataa kitu kilichong'olewa kaburini au uwanjani.

Daftari la kuandikia laweza kuwa la kawaida la shule. Kwa kila kitu huandikwa upana kwa milimita, uzito kwa gramu kutoka mizani ya sonara, madini, maandishi yote jinsi yalivyo hata kama yamekosewa, rangi za utepe kutoka kushoto, kasoro, siku kilipopatikana, na kilitoka kwa nani na alisema nini, kwa maneno yake mwenyewe na kwa lugha yake. Picha hupigwa mbele, nyuma na ukingoni. Kinachosimuliwa hutengwa na kinachosomeka: upande mmoja wa ukurasa "imegongwa 6-K.A.R.", upande wa pili "bibi anasema babu yake alikuwa kwa Mdachi kwanza". Nakala moja ya ukurasa huo hukunjwa na kurudishwa ndani ya mkebe pamoja na medali, na ya pili hukaa nyumba nyingine.